Simu Mbili, Anwani Moja

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya mitandao ya kompyuta, swali la kwanza huwa kama ninaweza kuwafungulia simu iliyojifunga. Siwezi. Swali la pili huwa ni kwa nini bando linaisha haraka, na hilo nalo silijui. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoanza kazi hii, mnaonitumia shikamoo kwenye simu na papo hapo kuniuliza anwani zinagawanywaje, ndio watu wachache ninaoweza kuongea nao nikaeleweka. Jina langu ni Apaikunda. Nimestaafu, niko Machame na ng'ombe wangu wawili, pamoja na goti linalonikumbusha kila mnara niliowahi kuupanda. Nitawasimulia kama mambo yanavyonijia. Msitarajie mpangilio.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Bwana Gurdip, Singasinga aliyekuwa na duka la redio na kompyuta Moshi mjini. Babu yake alizikwa hapo hapo Moshi, na yeye mwenyewe alikuwa akiwapokea bibi za mlimani kwa Kichagga, "Shimbonyi, mama," wakacheka mpaka wakasahau kuwa redio yao imeungua. Mimi nilifika kwake nikiwa na cheti changu cha chuo na suruali, jambo ambalo mama yangu hakulipenda. Suruali, yaani. Cheti alikipenda sana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga anwani, yaani namba ambazo kompyuta hutambuana kwazo mtandaoni, za chuo kimoja cha ufundi. Wanafunzi walikuwa na kompyuta mia moja, ofisi za walimu ishirini. Nikapanga vizuri tu: wanafunzi namba moja mpaka mia, walimu kuanzia mia na moja. Bwana Gurdip akaitazama, akavua miwani.

"Apai, mia na moja iko kwenye kundi la nani?"

"La walimu."

"Nani amekuambia?"

"Mimi ndiye niliyepanga."

"Wewe umepanga. Ruta haijui kama umepanga." Akagonga ruta, kile kisanduku kinachopitisha mawasiliano kati ya mitandao, akanivutia stuli. "Kaa hapa."

Ndipo aliponifundisha jambo ambalo chuoni nilifaulu mtihani wake bila kulielewa. Anwani hukatwa kwa makundi ya nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, mia ishirini na nane. Hakuna kundi la mia. Ukiwa na mashine mia, utachukua kundi la mia ishirini na nane, na kundi hilo linaanzia sifuri linaishia mia ishirini na saba. Mia na moja yangu ilikuwa bado ndani ya nyumba ya wanafunzi. Tena kila kundi lazima lianzie kwenye namba inayogawanyika kwa ukubwa wa kundi lenyewe. La thelathini na mbili linaweza kuanzia sifuri, thelathini na mbili, sitini na nne, na kuendelea. Haliwezi kuanzia mia, hata ukilibembeleza.

Hapa mlimani nikieleza hivi, mtu atadakia, "Aa, ni kama kugawa kihamba." Si kama kihamba. Kihamba ni shamba la ukoo; ndugu mkikubaliana mnapanda masale ya mpaka popote, na mpaka unaweza kupinda kidogo ili mgomba wa bibi ubaki upande wa bibi. Anwani hazipindi. Ukilazimisha mpaka katikati ya kundi, mashine zitaendelea kuamini mpaka wake wa zamani, na wewe utakesha ukibadilisha kebo zisizo na kosa lolote.

Kila mashine huwa na namba nyingine inayoiambia majirani zake wanaishia wapi. Sisi dukani tuliiita maski. Mkiona maski inaishia na 224, msiogope. Chukueni 256, toeni 224, mtapata thelathini na mbili: huo ndio ukubwa wa kundi. Ikiishia na 192, kundi ni la sitini na nne. Hesabu hiyo nimeifanya nikiwa juu ya mnara, mkono mmoja umeshika chuma, na haijawahi kunidanganya.

Halafu kumbukeni kwamba kundi la thelathini na mbili halibebi mashine thelathini na mbili. Namba ya kwanza ni jina la kundi lenyewe. Ya mwisho ni ya kutangazia wote kwa pamoja. Zinabaki thelathini, na ruta nayo inataka yake. Fundi mmoja aliyetutangulia kwenye shule fulani ya sekondari aliisahau ruta. Darasa lilikuwa na kompyuta thelathini, anwani ishirini na tisa. Kwa kuwa zilikuwa zinagawiwa zenyewe mashine inapowashwa, mwanafunzi aliyewasha wa mwisho alikosa intaneti. Tulipofika kurekebisha, mwalimu wa kompyuta hakufurahi hata kidogo. "Mnauharibia nini?" akatuuliza. "Tangu mtandao huu uwekwe, hakuna anayechelewa kipindi changu."

Sasa niwasimulie habari ya Zaituni. Ndiyo hasa ninayotaka mwende nayo.

Kulikuwa na hospitali ndogo ya watu binafsi mlimani, ambayo siku hizi jengo lake ni hosteli ya wanafunzi. Hospitali hiyo ilikuwa na zahanati yake chini tambarare, upande wa mashamba ya mpunga, kwenye barabara ya kwenda Chekereni. Wenye hospitali walitaka sehemu hizo mbili ziunganishwe kwa redio za kurusha mtandao hewani, ili daktari wa juu na tabibu wa chini waongee bila gharama na kuona kumbukumbu za wagonjwa. Sisi tuliomba ile kazi tukaikosa. Ilichukuliwa na vijana waliokuwa wakizunguka mikoani na kazi za redio, kiongozi wao akiwa kijana wa Same, Elirehema.

Nisimseme vibaya. Kazi ya mnara aliifanya kwa ustadi. Sahani za redio zilitazamana sawasawa kutoka mlimani mpaka tambarare, kebo zimefungwa kwa mstari ulionyooka. Tatizo lilikuwa moja. Hospitali ilikuwa ikitumia zile namba zinazokuja na ruta kutoka kiwandani, zinazoanza na 192.168.1. Zahanati nayo ilikuwa ikitumia hizo hizo. Wakati kila moja ilikuwa peke yake, hakuna aliyedhurika. Elirehema alipoziunganisha, hakubadilisha namba hata moja. Zikawa kama nyumba mbili zilizobomolewa ukuta wa katikati, na kila nyumba ina mtoto anayeitwa Baraka. Ukiita Baraka, anaitika aliye karibu, au anayewahi.

Walikuwa pia wamewekewa simu za mezani zinazopita kwenye mtandao huo huo. Kila simu ilikuwa na vitufe vya vyumba, na ukibonyeza kitufe, simu inakwenda moja kwa moja kwenye anwani ya simu nyingine. Mara zikawa zinafanya kazi, mara hazifanyi. Wakalaumu mvua, wakalaumu umeme, wakamlaumu mlinzi kwa kuanika nguo karibu na mnara. Mwishowe msimamizi wa hospitali akampigia Bwana Gurdip, na Bwana Gurdip akanituma zahanati kwa daladala, gari la duka likiwa gereji.

Ilikuwa masika, adhuhuri, tope mpaka kwenye mlango. Minara ya simu za mkononi ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Nilikuwa nimekaa chini ya meza ya tabibu Hamisi nikifuatilia kebo, tukasikia vilio nje. Mwanamke mjamzito, Zaituni, mke wa mkulima wa mpunga, ameletwa kwa bajaji na mama mkwe wake. Uchungu ulikuwa umeanza, na damu ilikuwa inatoka kuliko kawaida. Hamisi alimpima, na alipogeuka nikaona uso wake umebadilika.

"Huyu anahitaji upasuaji. Hapa hatuna chumba cha upasuaji." Akabonyeza kitufe cha daktari.

Simu ikalia nyuma ya ukuta.

"Dirisha la dawa, karibu," ikasema sauti ya Mama Flora, mtoa dawa wa zahanati hiyo hiyo. Tuliisikia mara mbili, kwenye simu na ukutani.

"Mama Flora, ni mimi! Weka chini, nampigia daktari!"

"Sasa mbona umenipigia mimi?"

Akabonyeza tena. Ukuta ukalia tena. Mama mkwe wa Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, kanga imelowa, akitutazama kama watu wanaocheza.

Nami hapo ndipo nilipoelewa. Nilibonyeza simu ya Hamisi nione anwani iliyoko nyuma ya kile kitufe: inaishia na 30. Nikakimbilia dirisha la dawa, nikatazama ya Mama Flora: inaishia na 30. Daktari wa mlimani na dirisha la dawa la tambarare walikuwa na anwani moja, na dirisha lilikuwa karibu zaidi.

Nikachomoa kebo ya Mama Flora.

"We dada, hiyo ni simu ya ofisi!"

"Samahani mama, nitairudisha."

Nikarudi kwa Hamisi, nikaichomoa simu yake na kuichomeka upya, kwa sababu simu hizi hukumbuka aliyeitika mara ya mwisho na kumrudia yeye. Taa ikawa nyekundu. Ikabaki nyekundu. Zaituni alikuwa anaita jina la mama yake kwa sauti ndogo. Taa ikawa kijani.

"Bonyeza sasa, tabibu."

Safari hii ukuta ulinyamaza. Tukasikia mlio mwembamba, wa mbali, halafu: "Ndiyo, chumba cha daktari."

Hamisi alieleza kwa maneno machache. Daktari hakuuliza kwa nini alikuwa hajapigiwa mapema. "Mwekee dripu, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Gari linashuka, lakini barabara ni mbaya, msilisubiri. Tafuteni gari lolote, tukutane lami."

Gari lililokuwepo ni pikapu ya jirani mwenye mashine ya kukoboa. Tuliondoa magunia, tukatandika turubai na godoro. Hamisi alikaa upande wa kichwa cha Zaituni, mama mkwe akamshika miguu, na mimi nikapewa chupa ya dripu niishike juu. Nilishika kwa nguvu zangu zote, kwa maana gari lilikuwa linateleza kama sabuni. Mwenye pikapu alikuwa akiomba dua kwa sauti, na mimi Mlutheri nikawa naitikia amina kila anapopumua. Gari la hospitali tulilikuta limeshafika kwenye lami, milango ya nyuma iko wazi.

Zaituni alifanyiwa upasuaji jioni ile. Mtoto wa kiume, mkubwa, analia vizuri. Mama naye alipona, ingawa alihitaji damu. Kesho yake nilikwenda kumwona, nikamkuta ameletewa bakuli la mtori wa ndizi na wauguzi, analitazama kwa mashaka. "Dada, huu uji una nyama?" akaniuliza. Nikamwambia anywe tu, huku kwetu kila aliyejifungua anaunywa.

Bwana Gurdip nilipomsimulia hakumlaumu Elirehema. Alikata ubavu wa boksi la kompyuta, akachukua kalamu nene, akasema, "Tuanze na kundi kubwa."

Kampuni iliyomiliki hospitali ilikuwa na vituo mikoa mingine, na kila kituo kilikuwa kimetengewa fungu lake la anwani mia mbili hamsini na sita, lakini la hapa hakuna aliyewahi kulitumia. Wodi na ofisi zilikuwa na mashine kama themanini. Tukazipa kundi la mia ishirini na nane: sifuri mpaka mia ishirini na saba. Zahanati ilikuwa na mashine chini ya thelathini. Mimi nikasema kundi la thelathini na mbili linatosha.

"Linatosha leo," akasema. "Wakiongeza chumba cha kujifungulia?"

Tukaipa sitini na nne: mia ishirini na nane mpaka mia moja tisini na moja. Maabara na famasia ya mlimani zikapata thelathini na mbili, kuanzia mia moja tisini na mbili. Redio zenyewe, ya juu na ya chini, tukazipa kundi dogo la nane, kuanzia mia mbili ishirini na nne, na ruta kila upande ili pawe tena na ukuta wenye mlango. Zilizobaki hatukuzigusa. Mnaona alivyokwenda: kubwa kwanza, dogo mwisho. Ukianza na madogo ukiyapanga ovyo, ukifika kwenye kubwa utakuta nafasi ipo lakini imekatikakatika, na hakuna mahali ambapo linaweza kuanzia.

Daktari mkuu, yule aliyepokea simu siku ile, alikataa mwanzoni. "Nizime mtandao wa hospitali nzima kwa ajili ya namba?"

"Daktari," nikamwambia, "ile simu ya Zaituni uliipata kwa sababu nilichomoa simu nyingine. Siku nyingine sitakuwepo."

Alizungusha kalamu, kisha akauliza kama Jumamosi itatufaa.

Jumamosi ile tulitembea chumba kwa chumba. Kila mashine tuliyobadilisha tuliibandika kipande cha plasta ya wodini chenye namba yake mpya, kwa sababu hatukuwa na lebo. Wauguzi walitucheka wakasema kompyuta zimechanjwa. Kila kitu kilikubali isipokuwa mtambo wa eksirei. Ulikuwa na anwani ya zamani, na neno lake la siri alikuwa nalo fundi aliyeufunga, ambaye hakuna aliyejua alipo. Nilijaribu kila neno nililoweza kulifikiria, pamoja na jina la mlima. Mwishowe Bwana Gurdip akasema, "Mwache. Huyu ni mzee, haambiwi." Tukauacha na namba yake, pamoja na kompyuta moja inayosoma picha zake, kwenye swichi yao ndogo ya kuunganishia kebo, ya peke yao, pasipo njia ya kutoka nje. Vijana, si kila kitu mtakikuta kinabadilika. Vingine mtavizungushia mpango.

Wiki chache baadaye Elirehema alikuja dukani. Alikuwa amesikia kazi yake imefumuliwa, na alikuja amekasirika. "Mmewaambia watu kwamba nimeharibu. Redio zangu zilikuwa zinafanya kazi!"

"Redio zako ni nzuri," Bwana Gurdip akamjibu. "Hatujazigusa. Apai kesho anakwenda zahanati. Nenda naye."

Mimi sikutaka. Nilimchukua kwa sababu niliambiwa. Njia nzima alisema neno moja tu, kwamba gari letu linahitaji kuwekwa shokapu, jambo ambalo tulilijua.

Hamisi alimpokea kwa heshima. Alipotambua ni nani, hakupandisha sauti. Alimsimulia tu siku ile ya Zaituni ilivyokuwa, akamwonyesha ukuta, akamwonyesha dirisha la Mama Flora na plasta yenye namba mpya kwenye simu yake. Elirehema alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, mahali akina mama hukaa kusubiri watoto kupimwa uzito. Ilikuwa siku ya kliniki. Benchi lilikuwa limejaa.

Nilikuwa ndani napima kebo, nikamwona Zaituni kupitia dirisha. Alikuwa amefika na mwanawe mgongoni, mwamvuli mkononi, mfuko wa mchele aliomletea Hamisi kwenye mkono mwingine. Alitafuta mahali pa kuweka vitu, hakupata. Akamtazama yule kijana asiye na mtoto.

"Kaka, nishikie huyu kidogo."

Hakusubiri jibu. Alimfungua mtoto, akamweka kwenye mapaja ya Elirehema, akaingia ndani kuandikishwa. Mtoto alikuwa amelala. Elirehema alimshika kwa mikono yote miwili, mabega yamekaza, hajui aegemee au asiegemee. Mwanamke aliyekaa kando yake akamwambia, "Kichwa, baba. Mshike kichwa." Akamshika kichwa.

Hamisi naye alikuwa ameona. Alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyetoka nje kumwambia Elirehema huyo ni nani. Lakini muda si mrefu muuguzi akatokea mlangoni akaita kwa sauti, "Mtoto wa Zaituni! Mtoto wa Zaituni yuko wapi?"

Nilimwona Elirehema akiinua kichwa. Akamtazama muuguzi, akamtazama mtoto. Alinyanyuka polepole, akamleta mpaka kwenye mzani yeye mwenyewe, na alipomkabidhi kwa mama yake, Zaituni akasema, "Asante kaka, hakukusumbua?" Akatikisa kichwa kwamba hapana.

Mimi na Elirehema tuliondoka mchana. Tulipita mashamba ya mpunga, tukapita mfereji, tukapanda lami kuelekea mjini, yeye akiwa ametazama dirishani muda wote. Karibu na kuingia Moshi, bila kugeuka, akauliza:

"Dada Apai, kwa nini zahanati mliianzishia mia ishirini na nane?"

Nikasogeza gari pembeni, nikazima injini, nikaanza kumweleza.